MAONI: Vijana tuorodheshe vibao vya historia vya kando ya ziwa kabla havijapotea

Kila siku maelfu ya watu hupita kando ya mnara wa saa ulio katika Barabara ya Oginga Odinga, jijini Kisumu. Wengine huutumia kupanga pa kukutana: "Niko hapa kwa saa, uko wapi?" Lakini ukiuliza kumi kati yao mnara huo ulijengwa kumkumbuka nani, utabahatika kupata mmoja anayejua.

Jibu limeandikwa pale pale kwenye bamba. Mnara ulizinduliwa tarehe 19 Agosti 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufariki Kampala mwaka 1910. Waliougharamia ni wanawe.

Hebu tulia hapo kidogo. 1871 ni miaka 30 kabla reli haijafika Kisumu. Ni kabla Kenya haijaitwa Kenya. Bamba moja dogo, sentensi chache, na tayari una maswali ya kukutosha safari nzima ya matatu hadi Bondo. Alikuja kwa njia gani? Kwa nini akumbukwe Kisumu ilhali alifia Kampala?

Maoni yangu ni haya. Sisi vijana wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia tunapaswa kuanza kuorodhesha kila kibao, bamba, mnara na jiwe la kumbukumbu lililo kando ya barabara zetu. Tupige picha, tunakili maandishi yake, tuweke mahali kilipo kwenye ramani, na orodha hiyo iwe wazi kwa kila mtu mwenye simu. Na tusiishie kwa vilivyopo. Tuorodheshe pia mahali ambapo pangefaa kuwa na kibao na hakuna.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo nzito, na nitaifikia.

Wenzetu kwingine walianza zamani. London ilianzisha mpango wa kubandika mabamba kwenye nyumba za watu mashuhuri mwaka 1866. Kule Marekani, jimbo la Virginia lilianza kusimamisha vibao vya historia kando ya barabara kuu mwaka 1927, na majimbo mengi yakafuata. Mwaka 2006 ikaanzishwa tovuti ya kujitolea, Historical Marker Database, ambako watu wa kawaida hupakia picha na maandishi ya vibao wanavyokutana navyo safarini. Hao si maprofesa. Ni watu wanaosimamisha gari, wanashuka, wanapiga picha, wanaendelea na safari yao.

Sisi tuna bodaboda kila kona na kamera mfukoni. Kinachotuzuia ni nini?

Anayelipa ndiye anayekumbukwa

Ukianza kuorodhesha, jambo la kwanza utakalogundua ni kwamba vibao haviwekwi kwa haki. Familia yenye uwezo hujenga mnara. Serikali huweka bamba pale mkubwa alipokata utepe. Wengine wote husahaulika.

Chukua reli. Ilipofika ziwani mwaka 1901, kituo chake kiliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Mama huyo ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho. Jina lake limo kwenye kila kitabu cha historia ya mji wetu.

Lakini reli hiyo haikujengwa kwa msumari mmoja. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na takriban 2,500 kati yao walikufa kazini. Ongeza Waafrika waliobeba mizigo, waliokata misitu na waliochimba njia, ambao hata hesabu yao haikuwekwa sawasawa. Ukishuka kituoni Kisumu leo, tafuta jina la hata mmoja wao.

Sisemi Florence aondolewe. Nasema orodha nzuri humfanya msomaji aone nani yupo na nani hayupo. Ukiangalia bamba moja, unaona heshima. Ukiangalia mabamba 100 kwa pamoja, unaanza kuona nani alikuwa na pesa na nani alikuwa na mamlaka.

Kuna pia kumbukumbu tunazozitaja kila siku bila kujua ni kumbukumbu. Watu hufanya mikutano Ofafa Memorial Hall bila kujua kwamba Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953, na Luo Union ikajenga ukumbi huo kwa jina lake. Akina mama hujifungua katika hospitali ya Lumumba, na watoto hukua bila kuambiwa kwamba Patrice Lumumba alikuwa waziri mkuu wa Congo aliyeuawa Januari 1961. Jina limebaki, maana imeanguka njiani.

Ukisema "Russia"

Mwambie mwanaboda yeyote wa Kisumu akupeleke "Russia" na hatauliza swali la pili. Atakufikisha kwenye lango la Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Jina hilo la mtaani lilitokana na msaada wa Muungano wa Kisovieti uliojenga hospitali hiyo.

Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kuifungua. Ilikuwa miezi michache tu baada ya Tom Mboya kupigwa risasi Nairobi, tarehe 5 Julai, na huku ziwani watu walikuwa na machungu. Kenyatta na Jaramogi, aliyekuwa akiongoza chama cha upinzani cha KPU, walirushiana maneno makali mbele ya umati. Vurugu zikazuka. Walinzi wa rais wakafyatua risasi.

Watu walianguka pale hospitalini. Wengine walipigwa risasi wakiwa wamesimama kando ya barabara, msafara ulipokuwa ukiondoka kuelekea upande wa Ahero. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Simulizi za wakazi na watafiti zinataja idadi kubwa kuliko hiyo. Siku chache baadaye Jaramogi alikuwa kizuizini na KPU ilikuwa imepigwa marufuku.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika kuhusu siku hiyo katika ripoti yake iliyokabidhiwa rais mwaka 2013. Ripoti hiyo ni minene, iko kwa Kiingereza, na sijui kijana yupi wa Nyalenda atakaa kitako kuisoma yote.

Sasa fikiria barabara zetu. Moja kubwa inaitwa Jomo Kenyatta. Nyingine inaitwa Oginga Odinga. Hospitali yenyewe sasa ina jina la Jaramogi. Wazee wawili waliogombana siku ile wote wamepewa majina mjini. Je, waliokufa? Simama langoni pale Russia uwaulize watu kumi wakutajie jina la mtu mmoja tu aliyeuawa. Kisha panda matatu ya Ahero, uulize makanga anapita mahali gani ambapo watu walianguka.

Hapa ndipo naona jambo hili lina haraka. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1969 sasa amepita 70. Wale waliokuwa wazazi siku hiyo wengi wametangulia mbele ya haki. Bamba la shaba linaweza kusubiri miaka 50 lisomwe. Mzee hawezi. Kila mazishi tunayohudhuria wikendi huenda yanazika pia jibu la swali ambalo hatukuwahi kuuliza.

Kwa hivyo nikisema tuorodheshe pia mahali pasipo na kibao, namaanisha hivi: tuweke alama kwenye ramani, tuandike "hapa hakuna kitu", na chini yake tuweke anachosema mtu aliyekuwepo. Kama serikali ilisema 11 na mzee anasema alihesabu wengi kuliko hao katika mtaa wake tu, tuandike yote mawili na tuseme nani kasema nini. Kazi yetu si kuamua kesi. Kazi yetu ni kuhakikisha ushahidi haupotei.

Kutoka Maseno hadi Thimlich

Ukitoka mjini, orodha inanoga zaidi.

Barabara ya Busia itakufikisha Maseno, palipo na alama ya ikweta. Kila mtu hushuka kupiga selfi, mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Safi kabisa. Lakini hapo hapo karibu kuna Shule ya Maseno, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1906. Jaramogi alisoma huko. Achieng' Oneko, mmoja wa wale sita wa Kapenguria, alisoma huko. Hata Barack Obama mkubwa, babake rais wa Marekani, alipita huko. Mstari wa kufikirika unapata picha nyingi kuliko madarasa yaliyowalea watu hao.

Ingia Gem hadi Lundha. Desemba 1921 watu walikusanyika huko na kuanzisha vuguvugu lililojulikana kama Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Vijana waliosoma, wengi wao kutoka Maseno, walisimama mbele ya wakoloni wakidai kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, kazi ya kulazimishwa ikome na watu wapewe hati za ardhi. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 40 kabla ya Uhuru. Kizazi chetu kinachojisifu kwa kujua kudai haki kinafaa kupajua mahali hapo kama kinavyoijua njia ya kwenda Dunga kula samaki.

Barabara ya Bondo ina Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza, ambalo angalau lina watu wa kukuelezea hadithi yake. Ukifika Bondo kuna kaburi na makumbusho ya Jaramogi pale Kang'o, ambako Oktoba 2025 umati mkubwa ulimzika Raila.

Upande wa kusini, pitia Kendu Bay uone Simbi Nyaima, ziwa ambalo wazee husema lilimeza kijiji kizima kwa sababu kilimfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi. Vuka hadi Rusinga. Kuna kaburi la Tom Mboya, lililojengwa kwa umbo la risasi. Kisiwa hicho hicho ndicho Mary Leakey alikopata fuvu la Proconsul mwaka 1948. Peninsula ya Homa nayo, pale Nyayanga, ilitangazwa mwaka 2023 kuwa na zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 hivi. Na Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ambalo UNESCO iliingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Ukiona yote hayo kwenye ramani moja, hutasema tena kwamba "Kisumu hakuna kitu cha kuona isipokuwa ziwa".

Kisichojulikana huvunjwa

Kuna watakaoniambia: "Bro, historia hailipi kodi ya nyumba." Ni kweli. Sitakudanganya kwamba orodha hii itakupatia kazi kesho. Lakini kutojua pia kuna gharama yake, na Kisumu tumeshailipa.

Mwaka 2014 jamii ya Wasikh ilisimamisha mnara mjini kuadhimisha miaka 100 ya jamii hiyo Kisumu. Watu wakaanza kusema kwamba hiyo ni sanamu ya kishetani. Umati ukauvunja. Hii ni jamii ambayo mafundi wake walijenga na kuendesha reli iliyozaa mji wenyewe, na mnara wao haukudumu kwa sababu watu wengi hawakujua ulisimamia nini.

Najua orodha ya mtandaoni haizuii mawe yakirushwa. Lakini uvumi hupata nguvu pale ambapo hakuna maelezo. Laiti kungekuwa na mahali rahisi pa kusoma kwa Kiswahili na Dholuo "mnara huu ni wa nani na kwa nini umewekwa", angalau wachache wangekuwa na la kujibu mtaani siku ile.

Hatari nyingine zipo. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu kwa miezi kadhaa baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa. Anayeweza kung'oa chuma cha mlingoti wa stima hatashindwa na bamba la shaba lisilo na mlinzi. Barabara nazo zimekuwa zikipanuliwa, kama ile ya kutoka Kisumu Boys kupitia Kondele hadi Mamboleo, na tingatinga halisomi. Mwaka 2020 ziwa lilijaa kupita kiasi na maji yakaingia Dunga na fuo nyingine. Kitu kikiondoka bila picha wala maandishi, hakuna atakayejua kudai kirudishwe.

Tuanze vipi?

Haihitaji ofisi. Haihitaji mfadhili. Ukiona kibao, fanya mambo sita.

Kwanza, piga picha ya kibao chenyewe, kisha nyingine ya mbali inayoonyesha kilipo. Zunguka nyuma pia, mara nyingi jina la aliyelipa liko huko.

Pili, nakili maandishi neno kwa neno, hata yakiwa na makosa.

Tatu, weka alama ya mahali kwenye ramani ya simu.

Nne, andika hali yake. Kimevunjika? Kimepakwa rangi? Kimefunikwa na bango la mwanasiasa?

Tano, andika lugha yake. Utashangaa ni vingapi viko kwa Kiingereza pekee, katika mji ambao watu hupigiana bei kwa Dholuo na Kiswahili. Kama unaweza, andika tafsiri chini yake.

Sita, uliza aliye karibu. Mama anayeuza omena, fundi wa viatu, mlinzi wa lango. Waamkie vizuri kwanza, jieleze, omba ruhusa kabla hujarekodi, na usimtaje jina mtu asiyetaka.

Kisha pakia. OpenStreetMap ni ya bure na inakubali alama za kumbukumbu. Wikimedia Commons huhifadhi picha bila malipo. Vilabu vya historia vya sekondari vinaweza kugawana barabara: Kisumu Girls wachukue katikati ya mji, Maseno wachukue njia ya Busia, shule za Rusinga wachukue kisiwa chao. Wanafunzi wa chuo wanaorudi nyumbani likizoni kila mmoja afanye kijiji chake.

Na serikali? Ina wajibu wake. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti shughuli za utamaduni, na kuiachia serikali kuu minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu mahali kutangazwa rasmi kuwa turathi inayolindwa. Makavazi ya Kisumu yapo tangu 1980. Lakini tusikae tukisubiri. Ofisi husikia zaidi ukiingia na orodha mkononi yenye picha na mahali kuliko ukiingia na malalamiko. Diwani anaweza kukupuuza ukisema "historia yetu inapotea". Ni vigumu kidogo kukupuuza ukimwambia: "Katika wadi yako kuna vibao saba, vitatu vimevunjika, na picha ni hizi."

Wengine wataogopa kwamba kazi hii itachochea siasa, hasa hii ya 1969. Naelewa. Ziwani majina ya watu huwasha moto haraka. Ila kunyamaza pia ni siasa, na kumewafaa waliofyatua risasi kuliko waliozika watoto wao. Nairobi ilimjengea Mboya sanamu mwaka 2011, karibu na mahali alipouawa, na nchi haikuanguka. Watu hupita, husoma, huendelea na safari zao wakijua zaidi.

Kwa hivyo usingoje mpango mkubwa. Jumamosi hii chagua barabara moja unayoipita kila siku, tembea kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho, uone ina vibao vingapi. Na kama una dani au babu aliyekuwa Kisumu mwaka 1969, mpitie kabla hujarudi nyumbani. Mpelekee sukari, kaa naye, umuulize siku ile alikuwa amesimama wapi.